Mtoto wa la pili anasoma bila kuangalia kitabu, nifanyeje apende kusoma?

MamaTusa_Uyole

Habari za jioni wakuu, wakubwa zangu humu shikamooni. Kuna jambo linanisumbua nikaona nililete hapa maana najua walimu wapo na wazazi wenye uzoefu wapo.

Nina binti yangu ana miaka 7 yuko la pili, tunaishi Uyole hapa Mbeya. Ripoti za shule zinakuja nzuri, kusoma kaandikiwa A, na mi nilishajisifu kwa mawifi kwamba mwanangu anajua kusoma. Sasa juzi umeme wa luku ukakata usiku, na baridi hii ya mwezi wa sita mnaijua wenyewe, tukajikusanya jikoni wote, mlango wazi, jiko la mkaa linawaka. Nikamwambia Tusa hebu tusomee kitabu chako cha shule tusikie. Akasoma ukurasa mzima hajakwama hata kidogo, ile sauti ya kuimba ya darasani, nikawa nimefurahi kweli. Mdogo wake wa miaka 4 akavuta kitabu, kurasa zikageuka, Tusa akaendelea tu na yale maneno ya ukurasa wa mwanzo, macho yake yako kwenye sufuria ya maharage.

Nikacheka, halafu nikanyamaza. Nikachukua mfuko wa chumvi nikamwambia nisomee hapa, akasema "chu... chu..." akaniangalia usoni kama mimi ndo nimeandikwa jibu.

Baba yake anasema tumpeleke tuisheni. Mi sitaki ajue kusoma tu, nataka apende, maana mi mwenyewe sikupenda na najua nilichokosa. Nilishajaribu, nilinunua vitabu vitatu vya hadithi, kila kimoja elfu nne, nikaweka sheria kwamba hakuna TV mpaka usome ukurasa mmoja. Wiki mbili ni kilio kila jioni. Wiki ya tatu kitabu kimoja kikapotea, tukakitafuta nyumba nzima, nikaja kukikuta ndani ya debe la mchele, katikati ya mchele kabisa, kafukia.

Naombeni msaada, wa kunicheka apite hivi.

kwani_vipi

Swali dogo dada yangu. Kwani yeye anakuonaga wewe unasoma nini hapo nyumbani?

MamaTusa_Uyole

@kwani_vipi umenipiga pabaya. Meseji za kikoba na salio. Baba yake matokeo ya mpira kwenye simu. Basi.

FundiTairi_Makambako

Mama Tusa pole, mimi sio mwalimu, mimi naziba pancha hapa Makambako njia panda, hapa kwetu ndo barabara ya Songea inapoachana na hii ya kwenda Mbeya na Tunduma, kwahiyo malori hayaishi usiku na mchana. Mwanangu wa kiume akitoka shule anakuja kunisubiri kibandani maana mama yake yuko sokoni mpaka jioni. Hana cha kufanya, akaanza kusoma malori. Mwanzo namba tu, T halafu tarakimu tatu halafu herufi tatu, anaita kwa sauti kubwa. Baadae yale maneno ya nyuma kwenye matopeo, si mnayajua madereva wetu, HARAKA YA NINI, WIVU HAULIPI KODI, mambo hayo. Halafu majina ya miji kwenye milango, siku moja ananiuliza baba Lubumbashi iko wapi, nikamwambia muulize dereva mwenyewe huyo hapo anakunywa chai, dereva akamuelezea safari nzima mpaka mpakani na kuendelea, mtoto kakaa kwenye rimu kaachama mdomo.

Siku nyingine likasimama lori la mafuta. Akasoma taratibu HA-TA-RI. Akanigeukia, "baba hatari ya nini?" nikamwambia ndani mna petroli, moto ukisogea hapa hatubaki. Nilikuwa na sigara mkononi. Aisee tangu siku hiyo huyo mtoto ni askari wangu, lori la tenki likiingia tu anakuja kunikagua mkononi.

Ninachosema ni kwamba hakuna aliyemwambia asome. Yeye alikuwa anataka kujua lile lori linasema nini. Kitabu kilikuja nyuma sana, na alikiomba mwenyewe.

mtu_wa_ludewa

Hahaha WIVU HAULIPI KODI. Hilo lori nalijua mimi.

Ticha_Kihesa

Kamwene wote. Mama Tusa nimesoma swali lako mara mbili maana huyo binti yako nimemfundisha mara elfu, nimeshika la kwanza na la pili miaka 19 sasa, Iringa hukuhuku.

Kwanza usimuone mdanganyifu. Darasa langu mwaka huu lina watoto 84. Nikiandika sentensi ubaoni nikasema tusome wote, wanaojua kweli labda ni ishirini, waliobaki wanadandia sauti ya wenzao na wanadandia vizuri mno, nusu sekunde nyuma tu huwezi kujua. Kitabu cha shule kikisomwa hivo wiki nzima kinaingia kichwani kama wimbo. Kwahiyo Tusa amefanya kile darasa lilichomfundisha. Na hiyo A, mwalimu mwenzangu anisamehe, ukimpima mtoto kwa ukurasa anaoujua kwa kichwa lazima apate A.

Ili ujue yuko wapi kweli, chukua karatasi, andika silabi kumi sio kwa mpangilio wa ba be bi bo bu, changanya. Halafu maneno kumi mafupi. Halafu sentensi tatu nne. Halafu kihadithi kifupi ambacho hajawahi kukiona. Hao Uwezo, wale watafiti wa elimu, walipoanza kupita majumbani hapa nchini mwaka 2010 walikuwa wanapima kwa ngazi hizohizo, silabi, neno, aya, hadithi, na kazi yenyewe haichukui hata robo saa. Pale anapoanza kukwama ndo pa kuanzia, sio pale kitabu cha darasa kinaposema. Naweza kubeti kwako atakwama kwenye mwa, nya, ng'o, mbwa, hizi zenye konsonanti zilizobanana, wengi wanakwama hapo. Na fanya mchezo, usikae kama msimamizi wa mtihani.

Kiswahili kina bahati moja, herufi inasomeka vilevile popote ilipo, mtoto akishajua silabi anaweza kutamka neno lolote hata asilolijua. Ndo maana tunajisahau tukidhani ameshajua kusoma. Kinachobaki ni mwendo. Anayeunga silabi moja moja, m-bu-zi wa ba-bu a-me-ku-la, akifika "amekula" mbuzi ameshamtoka kichwani, hajui nani kala. Sasa hapo utamu utoke wapi? Hata mimi ukinipa kitabu nikisome kwa mwendo huo nitakifukia kwenye mchele.

Na mwendo hauji kwa fimbo wala kwa tuisheni, huko tuisheni ataenda kuimba masaa mawili mengine. Mwendo unakuja kwa kurudia kitu ambacho anakitaka. Kwahiyo kwa sasa acha kumwambia asome. Msomee wewe. Dakika kumi kabla ya kulala, ukiweza kila siku, ukichoka ruka, usijiwekee sheria utashindwa. Akae ubavuni aone maandishi, pitisha kidole chini ya maneno wakati unasoma. Akitaka hadithi ileile mara ya thelathini soma ileile mara ya thelathini. Hilo linachosha wazazi kweli, mimi mwenyewe wanangu kulikuwa na kihadithi kimoja cha kobe nilitamani kukichoma moto.

Kitu kimoja tu nakuomba USIULIZE MASWALI ukimaliza. Nani alikula nini, hadithi inatufundisha nini, hapana. Ukiuliza hivo umehamishia darasa kitandani. Akiuliza yeye jibu. Akikosea akiwa anasoma mwenyewe usimkate kwenye kila neno, subiri mwisho wa sentensi, mara nyingi atasikia mwenyewe kwamba haijakaa sawa na atarudi.

Na malizia patamu. Fisi anasogea mlangoni, ananusa, anasukuma mlango... funga kitabu, haya tulale. Kesho utaona nani anakuja na kitabu.

Ile sheria ya ukurasa mmoja ndo TV iondoe leo leo. Umefanya kitabu kiwe tozo. Wewe ulishawahi kupenda tozo?

MamaTusa_Uyole

Mwalimu hiyo ya tozo imeniingia 😂 asante sana, nimeanza kuandika hizo silabi hapa.

baba_chris

Mi naona mnawatesa watoto bure. Dunia imeshahama huko, mtoto mpe tableti ana katuni humo za kujifunzia herufi na namba, anajifunza huku anacheka. Vitabu ni mambo ya enzi za Mwalimu.

Steshenari_Mwanjelwa

@baba_chris sikupingi sana mkuu, hata wangu wadogo wanaangalia Akili and Me na wakubwa wanaangalia Ubongo Kids, hizo ni za Watanzania wenzetu na za Kiswahili, zinasaidia. Ila katuni inaenda yenyewe. Mtoto akisinzia katuni inaendelea. Kitabu ukisinzia kinasimama kinakusubiri, na hiyo ndo kazi yenyewe, mtoto ndo anakisukuma. Vyote viwepo, lakini hiki hakiwezi kufanya ya kile.

Mama Tusa kama shida ni hela ya vitabu, kuna hii African Storybook, iko kwenye intaneti bure, ina hadithi za watoto kwa Kiswahili na lugha nyingine nyingi za Afrika, kila hadithi imeandikwa ngazi yake, kuna zenye neno moja moja kwenye picha na kuna zenye aya ndefu. Unapakua unaprinti, inaruhusiwa kabisa. Mimi wazazi wananiletea kwenye flashi, nawaprintia nyeupe na nyeusi, ukurasa mia, nakunja katikati napiga stepla, hadithi nzima inatoka kwenye buku na chenji. Ushauri wa fundi, usiprinti ya rangi. Ile nyeusi mtoto anaipaka rangi mwenyewe na kitabu kinakuwa chake. Kuna mama mmoja alinifundisha ujanja, pale juu kwenye ganda anaandika jina la mtoto, KITABU CHA nani nani, basi huyo mtoto anatembea nacho mpaka dukani.

Ila soma kwanza kabla hujaprinti. Hadithi nyingine zimetafsiriwa na watu wa kujitolea, unakuta Kiswahili kimepinda kidogo mpaka mtoto anakuuliza hapa anamaanisha nini na wewe hujui.

Mjukuu_wa_Tukuyu

Naomba nitoe ya kwetu, ni ndefu kidogo nivumilieni.

Bibi yangu hakusoma shule akiwa mdogo. Mwalimu Nyerere alipotangaza 1970 kuwa mwaka wa elimu ya watu wazima, huku Rungwe nao wakaanza kwenda ngumbaru jioni, bibi anasema walikuwa wanatoka shambani wanapitia moja kwa moja na majembe wanayaegesha nje ya darasa, mama yangu akiwa mgongoni. Akajua kusoma na kuandika jina lake, akapewa na cheti, kipo mpaka leo kwenye sanduku pamoja na vitenge vyake.

Lakini baada ya hapo nyumbani hakukuwa na kitu cha kusoma. Hamna gazeti, hamna kitabu, barua zenyewe mbili kwa mwaka. Anasema herufi zilianza kumtoka moja moja "kama kuku wanavyotoka bandani ukisahau kufunga". Kilichobaki ni kitabu cha nyimbo cha kanisani tu, na nacho alishakijua kwa kichwa kwahiyo hata hakiangalii, anakishika. Yaani mama Tusa uliposema mwanao anasoma ukurasa bila kuuangalia mi nikamuona bibi kanisani kabisa.

Sasa hivi macho nayo yamekufa, anaita vitukuu vimsomee. Na humdanganyi. Mtoto akiruka mstari bibi anamwambia rudi, hapo umeruka. Akitunga neno lake bibi anamwambia hilo halimo. Mtoto anashangaa huyu bibi haoni amejuaje. Wanapenda mno, wanagombania zamu, kwa sababu ni mchezo wa kujaribu kumkamata bibi na hawajawahi kumkamata. Nadhani wamejua kusoma zaidi kwa bibi kuliko shuleni.

Na usiku anawapa hadithi za sungura na fisi kwa Kinyakyusa bila kitabu chochote. Watu wanadharau hilo eti wanataka watoto wazungumze Kiswahili tu au Kingereza tu, lakini mi naona mtoto aliyesikia hadithi nyingi akifungua kitabu anajua kabisa hapa fisi anaenda kufanya ujinga, anasoma ili ahakikishe. Yule ambaye hajawahi kusimuliwa anaona maandishi tu. Ndaga, asanteni.

mama_mwoga_Mbalizi

Mi naomba kuuliza na naombeni msinicheke. Niliishia la nne. Kusoma najua lakini polepole na maneno marefu nakwama. Mwanangu yuko la tatu, siku moja nilijaribu kumsomea akanicheka, akasema mama unasoma kama mtoto wa chekechea. Tangu siku hiyo sikurudia. Sasa hapo mwalimu anasema msomee, sisi wa namna yangu tunafanyaje?

Ticha_Kihesa

Mama wa Mbalizi nisamehe, niliandika kama vile wote tumekaa darasani miaka sawa.

Wewe sikiliza. Mwambie leo mama kachoka nisomee wewe, ukae hapo umenya viazi, na usikilize kweli, sio unasikiliza huku unapiga simu. Ushangae panaposhangaza. Ucheke. Ukiona hajaelewa uliza kama mtu asiyejua, "ehee kwahiyo alikimbia?" Kitabu chenye picha nacho unaweza kufungua ukasimulia picha kwa maneno yako mwenyewe bila kusoma hata neno, hiyo ni kusoma kabisa, mtoto anajifunza kwamba ndani ya kitabu mna mambo. Na lile la kukucheka, mwambie ukweli wako kwamba uliishia la nne na ungependa akusaidie maneno marefu. Nimewahi kuwa na mtoto wa hivo, mzito darasani sijapata kuona, siku aliyoambiwa na mama yake "nifundishe" alibadilika, akawa anakuja kuniuliza mwalimu hili neno linasomwaje ili akamfundishe mama.

mama_mwoga_Mbalizi

Asante mwalimu. Nimetokwa machozi kidogo ila nitajaribu.

Msomaji_Gangilonga

Hamna aliyetaja maktaba? Iringa mjini ipo maktaba ya mkoa, Mbeya nako ipo, ziko chini ya Bodi ya Huduma za Maktaba. Ulizieni utaratibu wa watoto, wengi tunapita nje miaka kumi hatujawahi kuingia. Mi nawapeleka wangu Jumamosi, nawaachia wachague wenyewe, wa kwangu mdogo anachaguaga kitabu cha magari tu kila wiki, mama yake analalamika eti hakuna hadithi humo, nikamwambia muache na magari yake.

Halafu niseme na hili linaloniuma. Kuna shule moja siitaji, nilikuwa kwenye kamati ya wazazi, tukachangishana tukanunua vitabu vya ziada karibu mia mbili. Miezi sita baadae naenda naviona kabatini ofisini vimefungwa kwa kufuli, plastiki hazijatolewa. Nauliza naambiwa watoto watavichafua. Sasa kitabu cha mtoto kisipochafuka kimesomwa saa ngapi?

mtu_wa_ludewa

Kwetu sisi vililiwa na panya kabatini humo humo. Wao ndo walisoma.

dada_wa_Mafinga

Jamani na wale wa shule za Kingereza? Wangu nyumbani Kiswahili, shule Kingereza, anasoma Kingereza kama anatapika, haelewi neno.

Ticha_Kihesa

@dada_wa_Mafinga nyumbani msomee Kiswahili bila wasiwasi, kusoma anajifunza mara moja tu maishani, akishajua kwa lugha anayoielewa anahamia nako kwenye nyingine. Kumsomea lugha ambayo na wewe unaitafuta ndo kunawachosha wote wawili.

MamaTusa_Uyole

Wakuu nimerudi, leo ni wiki ya tatu, nikasema nisiwe mtu wa kuchukua ushauri na kupotea.

Ile ya silabi ilikuwa kama mwalimu alivosema, alikwama kwenye mbwa na ng'o, na cha kushangaza na "dha" ambayo hata mimi naitamkaga "za". Tukacheza nayo kwenye unga wakati nakanda chapati, yeye anaandika kwa kidole mi nafuta.

Sheria ya TV nimeifuta. Siku tatu za kwanza aliangalia TV kama mtu aliyetoka jela. Ya nne nikakaa kitandani na kitabu kile cha kwenye mchele, nikaanza kumsomea mdogo wake, sikumuita. Akaja kusimama mlangoni. Halafu akakaa pembeni. Nilipomaliza akaniangalia, "maswali yako wapi?" nikamwambia hamna maswali. Akasema "hamna kabisa?" kama haamini, akajifunika blanketi.

Haikwenda vizuri siku zote nisiwadanganye. Kuna siku nilisinzia mimi kabla yao. Kuna siku mdogo wake kachana ukurasa, ugomvi mkubwa. Vile vya kuprinti nimeenda kuvitoa Mwanjelwa, kimoja tumekipaka rangi mpaka fisi amekuwa wa pinki, kimoja hataki hata kukigusa, sijui kwa nini, nimekiacha.

Baba yake bado anasema tuisheni ila juzi nimemkuta anawasomea habari za mpira, msimamo wa ligi mzima, na wanasikiliza.

Sasa sikilizeni hii. Jumamosi nimemtuma maandazi kwa mama wa jirani, si anafungia kwenye gazeti. Karudi kakaa kizingitini, maandazi kayaweka pembeni yanapoa, kalishika lile gazeti lina mafuta, anasoma. Taratibu, kwa kidole, midomo inachezacheza. Nikajibanza nyuma ya pazia sitaki anione. Akasoma "mwa-na-u-me mmo-ja a-me-ka-ma-twa u-si-ku wa ku-am-ki-a ja-na a-ki-wa na" na hapo gazeti limechanika.

Akalitazama. Akaligeuza upande wa pili, tangazo la mabati. Akanyanyuka akaja ndani, "mama, alikuwa na nini?" nikamwambia sijui mwanangu. Wakuu, mtoto alivaa kandambili zake akarudi kwa yule mama kudai kipande kingine cha gazeti. Kaambiwa kishafungiwa mteja mwingine.

FundiTairi_Makambako

Sasa alikamatwa na nini huyo mwanaume?

MamaTusa_Uyole

Hatujajua mpaka leo. Tusa kaniagiza kesho tununue maandazi mapema kabla gazeti halijaisha.